Mvuvi wa Alfu Lela Ulela amekuwa mhubiri tangu lini?

Ndugu wanajukwaa, nimenunua kwa shilingi 25,000 kitabu cha Alfu Lela Ulela kilichofasiriwa kwa Kiswahili, nikakusudia kuwasomea wanangu usiku, na nimeshindwa kukimaliza. Mfasiri hakuanzia kwenye Kiarabu, bali kwenye tafsiri ya Kiingereza ya Mwingereza Richard Burton ya mwaka 1885, na kila alipokuta neno "verily" ameandika "hakika". Katika kurasa mbili za kisa cha mvuvi na jini nimehesabu hakika tisa.

Mvuvi yule, mtakumbuka, anatupa wavu akavuta punda mfu, anatupa tena akapata mtungi uliojaa mchanga na tope, na mara ya tatu ni vigae na vipande vya chupa. Ni maskini wa Mungu mwenye watoto wanaosubiri chakula, lakini humu anatamka: "Hakika mimi nimevua punda." Mwanangu wa miaka minane aliniuliza kama mvuvi huyo ni sheikh.

Kiarabu kina neno dogo "inna", linalofungua sentensi na kuitia mkazo, ambalo katika masimulizi ni jepesi kiasi kwamba mara nyingi halihitaji kufasiriwa. Burton alilivisha joho la "verily", neno ambalo Waingereza wa zama zake hawakulitumia tena sokoni wala jikoni, bali walilisikia kanisani katika Biblia yao ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale ambapo Biblia yetu inasema "Amin, amin". Alifanya kusudi, kwa kuwa alitaka hadithi zinukie ukale, na hayo ni yake na wasomaji wake. Kwa nini sisi tuyarithi, ilhali "hakika" masikioni mwetu ni neno la mimbari na la tafsiri za Kurani?

Kiswahili hakikukosa njia. Mvuvi angemwambia jini, "Mimi ndiye niliyekufungua, nawe ndiye unayetaka kuniua?" na mkazo wote ungebebwa na hiyo "ndiye", bila kuhubiri.

Nilipomwandikia mchapishaji, alinijibu kwamba lugha hiyo inafaa kwa sababu hadithi ni za kale. Marehemu bibi yangu alinisimulia kisa hiki hiki, na jini wake alipotoka chupani alisema, "Leo utanitambua!" Tulijificha chini ya shuka.

Anayeijua tafsiri iliyotoka moja kwa moja kwenye Kiarabu, tafadhali anitajie.