Mrejesho: zile ndege za ulinzi zisizopitika

Wadau, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye mchezo wetu wa mezani wa manowari ndege za ulinzi zinadungua kila kitu, hadi meli za kubeba ndege hazizamiki. Kaka mmoja akanishauri: kila kikosi cha ulinzi kipigane mara moja tu kwa zamu, na kichague kukaa juu au chini.

Jumapili tulijaribu hapa South B, mimi na binamu yangu, ramani imefunika meza yote ya mama. Tulicheza Midway, vita vya baharini kati ya Wamarekani na Wajapani, 4 Juni 1942; mimi nilishika Wamarekani. Nikatanguliza ndege za topido, zile zinazoruka karibu na maji. Binamu akashusha walinzi wake wote. Vibao vyangu vya ndege hizo vikaisha, na iliniuma kweli, maana siku yenyewe kikosi cha topido cha Hornet, meli ya Wamarekani ya kubeba ndege, kilipoteza ndege zote 15. Kisha nikaingiza ndege za mabomu kutoka juu. Huko hakukuwa na mlinzi hata mmoja. Dadu ikatua sita, tena sita; Kaga na Akagi, meli zake za kubeba ndege, zikawaka. Binamu akanyamaza, ameshika kibao cha Akagi mkononi.

Hicho ndicho nilichokuwa nakililia!

Bado mizinga ya melini imezidi nguvu: meli ndogo ya ulinzi inadungua ndege tatu kwa dadu moja. Hilo silikubali, nimeipunguzia hadi moja. Jumamosi tunarudia, nami nashika upande wa Wajapani. Kaka, asante sana.