Namna ya kumweleza mteja matokeo ya matangazo ya mtandaoni bila kumchanganya

Mtangazaji wa Raskazone (swali)

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafanya kazi ya matangazo ya mtandaoni hapa Tanga, na wateja wangu ni wafanyabiashara wa kawaida: nyumba ya wageni huku Raskazone, duka la samani Ngamiani, na mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza anayetafuta wanunuzi wa jumla. Kila mwisho wa mwezi huwapelekea taarifa yenye idadi ya watu waliofikiwa, mara ambazo tangazo limeonekana, waliobofya na waliopenda. Mwezi uliopita mwenye nyumba ya wageni aliisoma, akaniuliza kwa ule upole wa watu wa pwani unaouma kuliko ukali: “Mwanangu, umeniandikia watu elfu arobaini, nami nina vyumba tisa. Hao wengine wamelala wapi?”

Kadiri ninavyomfafanulia ndivyo anavyozidi kuona kwamba ninamzungusha. Naomba ushauri wenu: nimpelekee takwimu zipi, zipi nibaki nazo mwenyewe, na maelezo yatolewe kwa maandishi au kwa mazungumzo?

Jirani wa Kaole (jibu)

Ndugu yangu, swali la mzee huyo ni la haki kabisa, na sidhani kama dawa yake ni kumfundisha istilahi za Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Mimi ninahudumia nyumba za wageni hapa Bagamoyo, na nimeona kwamba ugomvi huanza siku ya makubaliano, kabla hata tangazo halijarushwa, kwa sababu mtoa huduma anafikiria watu watakaoliona ilhali mwenye mali anafikiria vyumba vitakavyolipiwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kuna jambo moja ambalo mteja lazima alielewe tangu mwanzo. Mtandao unaona safari ya mgeni hadi pale anapotuma ujumbe WhatsApp tu. Kuanzia hapo, kama alijibiwa, kama alielewana na bei, kama alifika na kulipa, hayo yanajulikana mapokezi peke yake. Kwa hiyo taarifa ya kweli ina nusu mbili, na nusu ya pili haiwezi kuandikwa na wewe. Nyumba ikikubali kwamba kila mgeni ataulizwa amezifahamu vipi huduma zao, na jibu likaandikwa kwenye daftari lile lile la wageni, mwisho wa mwezi mtakaa pamoja na kuoanisha hesabu. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wageni wengi wa mwisho wa wiki hutoka Dar es Salaam kwa gari lao; wanaweza kuliona tangazo Jumatano, wasibofye chochote, kisha Jumamosi wakatokea getini. Asipowauliza mtu, tangazo litaonekana halikuzaa kitu.

Taarifa yenyewe iandike kwa lugha ya fedha. Tuseme ametoa shilingi 200,000 za tangazo, yakaanzishwa mazungumzo 40, na wanne wakalala: kila mazungumzo yamemgharimu shilingi 5,000 na kila mgeni shilingi 50,000. Kama chumba ni shilingi 40,000 na wageni hao walilala usiku mmoja tu, amekula hasara, nawe umwambie hivyo kabla hajaligundua mwenyewe. Mweleze pia kwamba Meta huhesabu mazungumzo kuwa yameanzishwa mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, au anaporudi baada ya ukimya wa siku 7 au zaidi. Mgeni yule yule anaweza kuhesabiwa mara mbili, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Idadi ya waliofikiwa na waliopenda ibaki kwako. Inakufaa wewe katika kurekebisha tangazo, yeye haimsaidii kuamua lolote.

Muuza vipuri, Chumbageni (jibu)

Mimi niko upande wa pili; ndiye ninayelipa. Ninauza vipuri vya baiskeli, na ninachokitaka kwa vijana wa matangazo ni vitu viwili tu. Kwanza, fedha inayokwenda kwenye tangazo na ujira wa kazi vitajwe mbalimbali, maana ukinipa jumla moja nitadhani yote imeliwa na wewe. Pili, nitumie ujumbe wa sauti, wala usizidi dakika mbili; nitausikiliza nikiwa ninahudumia watu. Faili lenye michoro ya rangi silifungui, nakwambia ukweli.

Mshauri wa Pangani (jibu)

Kuhusu ujumbe wa sauti ninatofautiana kidogo na ndugu wa Chumbageni. Sauti inafaa kwa kueleza, lakini haifai kwa makubaliano, kwa kuwa baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka ni ujumbe upi uliotaja bajeti. Mkishazungumza, mwandikie ujumbe mfupi wenye kiasi, muda, lengo na jina la anayeimiliki akaunti ya matangazo (ambayo kwa maoni yangu iwe yake, wewe uwe msimamizi tu), naye ajibu kwamba amekubali.

Mweleze pia kwa nini hutaki kuligusa tangazo kila siku. Meta yenyewe inasema mfumo wake wa kuchagua watu wa kuonyeshwa tangazo huhitaji takribani matokeo 50 (kwa mfano, mazungumzo yaliyoanzishwa) ndani ya siku 7 ili utulie, na kila badiliko kubwa huurudisha mwanzo. Kwa bajeti ndogo za huku kwetu idadi hiyo mara nyingi haifikiwi, na ni uungwana kumwambia mteja mapema kuliko kumwahidi kwamba mambo yatakaa sawa.

Tena, usibandike kwenye taarifa picha za mazungumzo zenye majina na namba za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata wafanyabiashara wadogo.

Mtangazaji wa Raskazone

Nashukuru sana. Hilo la daftari nitamweleza mzee, ila mapokezi wanafanya kazi kwa zamu, na kila mhudumu anajibu WhatsApp kwa simu yake. Hesabu hiyo itakusanywaje?

Jirani wa Kaole

Hapo ndipo pa kuanzia. Namba iwe moja, ya nyumba, iliyowekwa WhatsApp Business (ile WhatsApp ya wafanyabiashara), na simu yenyewe isitoke mapokezi. Mgeni akija kupitia tangazo la kutuma ujumbe, mazungumzo yake huonyesha tangazo hilo, kwa hiyo mhudumu hana haja ya kubahatisha. Wekeni lebo tatu, “ameulizia”, “amelipa” na “hakuja”, na anayeingia zamu aanze na wale wa lebo ya kwanza ambao hawajajibiwa. Mwombe mzee mwenyewe awaagize wahudumu. Ukiwaagiza wewe watakuona mgeni tu.