Naomba ushauri: kuandika kando ya ziwa bila kuharibu mapumziko ya wawili

Habari zenu wadau. Tunakwenda na mwenzangu siku 4 kwenye kibanda cha ziwani kisicho na umeme. Tumeafikiana niandike saa 11 hadi saa 2 asubuhi tu, yeye akiwa bado amelala (ndoa kwanza, sura ya mwisho ya kitabu baadaye).

Pawabenki ya mAh 20,000, yaani kama Wh 74 (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa), hujaza kompyuta mpakato ya Wh 50 mara moja tu; umeme mwingine hupotea njiani. Daftari nimelijaribu: unyevu wa alfajiri unalegeza karatasi, wino unatambaa. Nikalifunga kwenye plastiki likiwa bichi, likatoka jasho ndani.

Niweke nini ndani ya plastiki hiyo kinyonye unyevu? Na taa ya rangi gani haivuti wadudu wala kumwamsha aliyelala?