Picha za karibu za matumbawe adimu Tanga: tatizo ni lenzi au mwanga?

Mzamiaji wa Raskazone: Habari zenu, wakuu. Nataka kupiga picha za karibu za Horastrea indotincta, tumbawe la magharibi mwa Bahari ya Hindi ambalo mwaka 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ililiorodhesha katika kundi la walio rahisi kudhurika (Vulnerable). Kila picha hutoka ya buluu, imejaa chembe nyeupe. Nibadilishe lenzi?

Bi Mwanaidi, Pangani: Hapana, mwanangu, ni mwanga. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo taa ni lazima hata mchana. Ziweke mbili, zikiwa mbali kidogo na kamera kila upande, ili zisimulike chembe zilizo mbele ya lenzi. Subiri kaskazi, bahari ikitulia, na ukae mbali na mlango wa mto.

Baharia wa Chongoleani: Naunga mkono. Piga vikombe, yaani vishimo ambamo wanyama wadogo wa tumbawe hukaa, kutoka juu moja kwa moja, ukiweka kipimo kando bila kugusa, kwa sababu wataalamu hutambua aina kwa ukubwa wa kikombe na kuta zake za ndani. Nakusihi usishike wala kuegemea: nyama ya tumbawe ni nyembamba mno juu ya mifupa yake, na miamba yetu imekwisha kuumizwa na uvuvi wa baruti na joto la bahari la 1998.