Viza ya mchumba, ya mke au ya kutembea? Wapi afadhali kusubiria grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani)

binti_likoni
Asalaam aleikum na hamjambo wote. Naomba mawazo jamani kichwa kinaniuma. Mwenzangu yuko Columbus, Ohio, ana lori lake anaendesha, uraia alikula kiapo mwaka jana. Mimi niko Likoni nauza kwenye duka la dawa na nina binti wa miaka 6 niliyempata kabla hatujajuana. Sasa kila mtu ana lake, shemeji yangu anasema tufaili viza ya mchumba ndiyo ya haraka, loya mmoja huko kamwambia bora ya mke, na dereva mwenzake anamwambia acheni kujisumbua, aombe ya kutembea tu akishafika mtamfanyia makaratasi huku huku. Nikaha tumefunga mwezi wa 12 nyumbani kwetu, watu kama 40 hivi na biriani juu, ila cheti cha kadhi hatujachukua, kwa hivyo shemeji anasema kwa Wamarekani sisi bado wachumba. Mliopita hizi njia niambieni ukweli, ipi ina afadhali?

kaka_wa_dallas
Waaleikum salaam. Sisi tulipita ya mchumba 2022 na sijuti, mke wangu alifika miezi 13 baada ya kufaili I-129F, yaani ombi la mchumba, tukafunga ndoa ndani ya zile siku 90 wanazotoa, tukatuma I-485, fomu ya kuombea grinkadi ukiwa ndani ya Marekani, na grinkadi ikaja baada ya miezi mingine 11. Raha yake mnasubiri mkiwa pamoja, mambo ya kupiga hesabu kule ni usiku ama mchana yanaisha. Ila mfuko uwe mzito maana bei nyingi walipandisha 2024: 675 ya ombi, 265 ya viza ubalozini, 1,440 ya I-485, ukitaka kibali cha kazi wakati unangoja 260 juu yake, cha kusafiri 630. Hizo dola siyo shilingi.

mzee_wa_fomu
Dallas umesoma alichoandika lakini? Dada ameshafunga nikaha. Binti, viza ya mchumba kwako imekufa kabla ya kuzaliwa, sharti lake muwe hamjaoana, na sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu. Afisa wa pale ubalozini Nairobi hizi nikaha anaziona kila siku, anazijua kuliko shemeji yako. Atakuuliza mlifanya sherehe yoyote, utasema hapana na picha za watu 40 ziko feisibuku? Hapo mambo hayaishii kunyimwa viza, unaandikwa umedanganya, na doa hilo ukifaili upya unalikuta limekaa linakungoja.

Ya kutembea nayo achana nayo. Ni kweli mtu akiingia kihalali na mumewe ni raia sheria inamruhusu kuomba grinkadi akiwa ndani, ndiyo maana madereva wanaisifu, lakini kuingia kwa viza ya kutembea huku umekuja kukaa ni uongo mbele ya afisa wa mpakani. Na hiyo ni kama utaipata. Mume yuko kule, utawaaminisha nini kwamba utarudi Likoni, feri?

binti_likoni
Subhanallah. Shela nilivaa, kanzu alivaa, na shemeji mwenyewe ndiye alozipandisha hizo picha. Haya basi nimebaki na moja.

mama_kitengela
Usilie mamii, hiyo moja ndiyo niliyopitia na ni nzuri. Iko hivi, mumeo anafaili I-130, ombi la kumleta mtu wa familia, kwa mtandao dola 625, akituma karatasi ni 675. Ikipita inapelekwa NVC, kituo chao cha viza, pale mnalipa 325 na 120, wewe unajaza DS-260 ya kuomba viza, yeye anajaza I-864 ya kuonyesha anaweza kukulisha, halafu mnangoja tarehe ya Nairobi. Kabla ya intavyuu unapimwa afya na IOM, shirika la uhamiaji, cheti cha tabia njema cha polisi wa DCI unakiombea mtandao wa serikali wa eCitizen. Viza ikitoka mnalipa 235 ya kadi. Ukitua eapoti wakigonga muhuri ile viza kwenye pasi ndiyo grinkadi yako mwaka mzima, kesho yake kama una nguvu nenda katafute kazi. Ile 1,440 ya Dallas huijui wala haikujui.

Ubaya wake ni huko kukaa. Sisi tulikaa miezi 17, na katikati hapo kuna miezi 9 ambayo hakuna kitu kilichotingishika, unafungua akaunti asubuhi, unafungua saa sita, unafungua ukiwa kwa foleni ya matatu, maneno ni yale yale tumepokea fomu yako. Mwishowe nilimwambia mume wangu abadilishe paswadi asiniambie.

nesi_wa_malindi
Nilikuwa nasoma tu lakini hapa kwa "mnasubiri mkiwa pamoja" imebidi niandike. Mimi nilikuja Minnesota kwa ya mchumba, nikafika Januari kwenye baridi kali, mimi mtoto wa Malindi. Nyumbani nilikuwa nesi, nalipa karo ya wadogo zangu wawili, kule nikakaa miezi 7 ndani sina kibali cha kazi, gari sijui kuendesha, mume anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi giza, hela ya pedi naomba. Alikuwa hanibanii, ananipa, lakini kule kuomba. Tuligombana ugomvi mkubwa kabisa kwa sababu ya kitufe cha joto cha ukutani, yeye anashusha mimi napandisha.

Halafu baba akafariki. Ukitoka bila kile kibali cha kusafiri I-485 wanahesabu umeitelekeza, unaanza upya. Kuna cha dharura wanatoa ukiwapelekea vyeti, siwasingizii, lakini kwetu Waislamu maiti hailali, aliyekufa alfajiri alasiri keshazikwa, hata wangenipa siku ile ile nisingewahi. Nilizika kwa simu na mtandao ukakatika kabla ya dua.

Sisemi ni mbaya kwa kila mtu. Ila ningerudishwa nyuma nisingeuliza ipi ya haraka, ningejiuliza nataka kungojea wapi. Wewe una kazi, una mtoto, mamako nadhani hayuko mbali. Ngojea hapo.

kaka_wa_dallas
Pole sana dadangu. Mke wangu alikuta dadake anakaa mtaa wa pili kila siku wako pamoja, labda ndiyo maana mimi naona ilikuwa rahisi. Nimemuuliza sasa hivi hapa kasema "ilikuwa rahisi kwako".

mdau_temeke
Wakuu habari. Mimi njia yangu nyingine kabisa, mume alikuwa na grinkadi tu siyo raia, kwa hiyo tuliingia kundi la F2A, la wake na watoto wa wenye grinkadi, huko kuna foleni ya namba na kila mwezi unasoma bulletini ya viza kama matokeo ya mtihani. Mke wa raia hana foleni hiyo, anasubiri kuchakatwa tu. Mume alivyoapa tukawaandikia NVC kesi ikapanda daraja, tukashangilia, tukala kuku. Wiki mbili baadaye ndio tunaambiwa mwanangu ametoka kwenye kesi. Kumbe kwenye F2A mtoto anaingia kwa mgongo wa mama, ukishakuwa mke wa raia kila mtoto lazima awe na I-130 yake peke yake. Tukaanza ya mtoto moja. Nilimtangulia kufika miezi 8, alikaa kwa bibi yake Temeke, na mpaka leo akikasirika ananikumbusha.

Binti huyo wa miaka 6 umemweka wapi kwenye mpango?

binti_likoni
Sijamweka popote!! Nilidhani anakwenda na mimi kama kwenye pasi za zamani, mtoto anaandikwa humo humo. Na yule loya hakuuliza hata kama nina mtoto.

mzee_wa_fomu
Basi mdau kakuokolea mwaka. Mumeo anafaili I-130 mbili siku moja, yako na ya mtoto, yeye ni baba wa kambo na ndoa imefungwa mtoto hajafika miaka 18, kwa hiyo anahesabika mtoto wake. Ada karibu zote nazo ni mara mbili. Kama baba mzazi yupo ongea naye mapema kwa maandishi.

Sasa I-864. Mtakuwa watu watatu, mumeo aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya mstari wa umaskini, kwa viwango vya 2025 ilikuwa dola 33,312 kwa mwaka. Mtasema mwenye lori anapata zaidi, ndiyo, lakini wanaangalia ritani ya kodi, na wenye malori wakishakata dizeli, matairi na bima kule kwenye karatasi wanabaki maskini kuliko mimi. Mwambie aitoe ritani aisome leo. Ikiwa haifiki atafute mdhamini wa pili, awe raia au mwenye grinkadi anayeishi huko.

Na cheti kwa kadhi hakikisha tarehe ya ndoa ni ile ya nikaha ya mwezi wa 12, isiandikwe siku mliyokwenda kusajili. Ukiingia Marekani ndoa haijatimiza miaka 2 wanakupa kadi ya miaka 2 yenye masharti, halafu mnafaili I-751 ya kuondoa hayo masharti ndani ya siku 90 kabla haijaisha, 750 nyingine. Ikiwa imetimia unapata ya miaka 10 moja kwa moja.

mama_kitengela
Ehee hiyo tarehe ni muhimu. Ndoa yangu ilikuwa imebakisha wiki 3 ifike miaka 2, viza ilikuwa na miezi 6, nikamwambia mume vumilia. Alinuna lakini nikatua na ya miaka 10.

furaha_edmonton
Miye niko Canada, mutu ya Bukavu. Huku hakuna kadi ya miaka mbili, hiyo sharti waliitosha 2017, bibi anapata ya kudumu moja kwa moja. Lakini kungoja ni kungoja tu, nilingoja na huku.

binti_likoni
Nimesoma yote mara mbili na mume nimemtumia, kasema ritani atanitumia ila kwa sauti ile najua haifiki 33. Ana binamu yake nesi, tutamwangukia. Mimi Jumatatu navuka kwenda kwa kadhi, sheikh nimempigia na mashahidi wote wawili wako hai alhamdulillah. Mtoto nimemwambia tunaenda wote au haendi mtu.

Swali la mwisho msinichoke. Ushahidi wa kwamba tunapendana wanataka picha, risiti za pesa alizotuma na meseji za wasap. Sasa sisi meseji zetu zote ni Kiswahili, na cha Likoni. Nani atazitafsiri?

mzee_wa_fomu
Yeyote anayejua lugha zote mbili vizuri, aandike chini kwamba anazijua na tafsiri ni sahihi, aweke jina, sahihi na tarehe. Chagua kurasa chache za miezi tofauti, usipeleke gunia. Na kama mtafsiri ni shemeji, za usiku ziache.