Ushauri: Mnunuzi anataka tukiri kwamba mfumo ni mali yetu peke yetu, ilhali tuliujenga juu ya chanzo huria

Mvuvi wa Nchi Kavu (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijatia saini.

Mimi na mwenzangu tumetumia miezi kumi na minne kurekebisha ERPNext, programu ya kuendeshea biashara ya chanzo huria (yaani msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa watu kuusoma na kuurekebisha) inayotolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3, ili iwafae wanunuzi wa dagaa na mawese wa hapa Kigoma. Kazi kubwa haikuwa tafsiri wala stakabadhi, ilikuwa mikopo. Tajiri wa dagaa humkopesha mwenye mtumbwi mafuta ya injini na taa, kisha hukata deni lake kidogo kidogo kwenye mzigo unaoshushwa Kibirizi. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika, na mfumo wa kawaida unaodai marejesho kila mwisho wa mwezi humwandika mtu mwaminifu kuwa mdaiwa sugu. Sisi tuliandika sehemu inayohesabu kwa giza na mbalamwezi. Mfumo tumeufunga kwenye maghala matatu, kila ghala na kompyuta yake, kwa sababu intaneti haiaminiki.

Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam inataka kuununua. Rasimu ya mkataba inatutaka tukiri kwamba msimbo wote ni mali yetu, kwamba utabaki siri, na kwamba hakuna mwingine mwenye haki ya kuutumia. Fedha inatamanisha. Rafiki yangu naye ananiambia kitu cha chanzo huria hakiuzwi kabisa, kwa hiyo hata yale maghala tumeyatoza kimakosa. Je, ni kweli?

Bi Mchikichi

Ndugu, rafiki yako amekosea. GPL haikatazi kuuza. Unaweza kutoza bei yoyote atakayokubali mteja. Inachodai ni kwamba yule unayemkabidhi programu apate pia msimbo wake, au ahadi ya maandishi ya kupewa, pamoja na uhuru wa kuurekebisha na kuugawa kwa masharti yaleyale. Deni hilo unalo kwa mpokeaji wako. Hulazimiki kuuanika msimbo kwa dunia nzima.

Hata hivyo, hayo maneno ya mkataba usiyatie saini. Msimbo mwingi ni wa watu waliochangia ERPNext, nawe huwezi kukiri umiliki wa jasho lao. Tena, hiyo siri imekwisha kuvuja kihalali: maghala matatu yaliupokea mfumo chini ya GPL, na haki waliyokwisha kupata huwezi kuwanyang'anya kwa mkataba uliosainiwa Dar es Salaam. Je, mliwapa msimbo? Kama hamkuwapa, anzeni hapo.

Mgeni wa Reli

Naongeza jambo moja kwa watakaosoma baadaye. Mfumo ungekaa kwenye seva yenu na wateja wakaufikia kwa kivinjari tu, GPL isingehesabu hilo kuwa ni kukabidhi. Leseni ya AGPL, iliyotoka mwaka 2007 sawa na GPL toleo la 3, ndiyo iliyoziba mwanya huo. Mtu asome leseni yake kabla ya kuchagua mahali pa kuuweka mfumo.

Tajiri Mstaafu

Sheria mmeieleza vizuri, ila mimi nauliza biashara. Kampuni ikishaununua inaweza kuwagawia wapinzani wenu wote, na hamna la kusema. Basi mnauza nini hasa? Watu hukimbilia mfano wa Red Hat, kampuni inayouza huduma za programu huria, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kununuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, na mfano huo nimeuchoka, maana wateja wake ni mabenki na serikali, si ghala la dagaa. MySQL, kampuni ya programu ya hifadhidata, nayo iliuza leseni ya pili ya kibiashara kando ya GPL, jambo lililowezekana kwa sababu kampuni ilimiliki hakimiliki ya msimbo wake. Ninyi hamna nafasi hiyo.

Wala msidhani wenye miliki kamili hulala usingizi. Kampuni ya HashiCorp ilipobadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kuandaa seva, kutoka huria kuwa yenye vikwazo mwezi Agosti 2023, watu walichukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenTofu, toleo lililobaki huria. Ushauri wangu ni kwamba mwuzieni mnunuzi huyo ufungaji, mafunzo na matunzo ya kila mwaka. Hesabu ya giza na mbalamwezi anaweza kuinakili, lakini mtu wa kumpigia simu ghala linapokwama saa kumi alfajiri, boti zikiwa zinaingia, hatampata ndani ya msimbo.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Nashukuru sana. Msimbo hatukuwapa, na hakuna aliyeuomba. Nitaupeleka wiki hii kwenye diski. Je, ile sehemu ya mikopo, ambayo tuliiandika wenyewe mwanzo hadi mwisho, siwezi kuiuza peke yake kwa masharti yetu?

Bi Mchikichi

Inategemea imeshikamana na nini. Frappe, msingi ambao ERPNext imejengwa juu yake, ina leseni ya MIT, ambayo haidai zaidi ya kubakiza tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Sehemu yenu ikiweza kusimama juu ya Frappe pekee, leseni ni uamuzi wenu. Ikiwa inaita moja kwa moja hesabu za ERPNext, mambo yana utata, na hapo lipia wakili. Lakini umesema "tuliiandika". Mwenzako ameridhia? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, naye ana haki zake humo.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Hapo umenigusa pabaya. Mwenzangu alihamia Tabora kabla ya mnunuzi kujitokeza, na kati yetu hakuna hata karatasi moja. Sehemu ya mbalamwezi ni yeye aliyeiandika. Mimi niliiunganisha na daftari la madeni, na daftari hilo ni la ERPNext. Nimempigia jioni hii. Amesema tuzungumze Jumamosi, na ameniomba nimtumie rasimu ya mkataba aisome kwanza.