Kikundi cha familia: faili hili ni la Windows au ni la kijasusi?

Shangazi: Habari za jioni, wanangu. Katika dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi kwenye kompyuta ya nyumbani, nimekuta faili liitwalo svchost.exe limeorodheshwa mara nyingi mno, na siku hizi kompyuta imekuwa nzito. Nahofia ni programu ya kijasusi. Je, niyafute yote?

Baba Mdogo: Dada, yafute haraka kabla hayajaiba chochote.

Kaka: Shikamooni. Shangazi, tafadhali usifute kitu kwanza. Faili halisi la svchost.exe ni sehemu ya Windows yenyewe, nalo ndilo linaloendesha huduma nyingi za mfumo. Kuonekana mara nyingi si dalili ya ubaya, kwani tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huzitenganisha huduma hizo, na nyingi kati yake hupata svchost yake yenyewe. Hata hivyo hofu yako ina msingi, kwa sababu waundaji wa programu hasidi wanalijua jina hilo na hupenda kujificha nyuma yake. Kwa hiyo jina tuliache, tuangalie faili linakaa wapi: bofya kila moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague kufungua mahali lilipo.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Yote yananipeleka C:\Windows\System32, isipokuwa moja, ambalo limo ndani ya folda yangu, katika AppData\Roaming.

Kaka: Hilo moja ndilo la kushughulikiwa. Makao ya svchost.exe ni System32, na Windows ya biti 64 huwa na nakala nyingine katika SysWOW64. AppData\Roaming ni folda ambayo programu yoyote unayoifungua inaweza kuandika humo bila kuomba ruhusa ya msimamizi, na faili la mfumo halina sababu ya kuishi huko.

Dada: Je, sahihi ya kidijitali haiwezi kutupa jibu? Shangazi akifungua sifa za faili ataona kama limetiwa sahihi na Microsoft.

Kaka: Itatusaidia, dada, ila haitoshi peke yake. Mafaili mengi halali ya Windows hayaonyeshi sahihi katika dirisha la sifa kwa kuwa sahihi zake huhifadhiwa kwenye katalogi ya mfumo, na kwa upande mwingine, programu hasidi ya Stuxnet iliyogunduliwa mwaka 2010 ilitumia vyeti halali vya kutia sahihi vilivyoibwa kutoka kwa kampuni za kweli.

Shangazi: Nimeangalia, halina sahihi yoyote.

Kaka: Basi tutafute hashi yake, yaani kama alama ya kidole ya faili. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha njia kamili ya faili ndani ya alama za kunukuu, na mwishoni SHA256. Utapata mfululizo wa tarakimu na herufi 64, ambao hubadilika kabisa hata kama ni baiti moja tu ya faili iliyobadilishwa. Unakili, kisha uutafute katika tovuti ya VirusTotal, ambayo hukusanya majibu ya kingavirusi kadhaa kwa wakati mmoja.

Dada: Kwa nini asilipakie faili lenyewe?

Kaka: Kinachopakiwa pale huweza kupakuliwa na watafiti na kampuni za usalama, kwa hiyo tusijizoeze kupakia vitu vya nyumbani, hasa nyaraka. Shangazi, kingavirusi moja au mbili zikilalamika, huenda zimekosea. Hashi isipopatikana kabisa, maana yake ni kwamba faili hilo halijawahi kuchunguzwa pale, wala si kwamba ni salama.

Shangazi: Zaidi ya nusu zimelitaja kuwa hatari. Majina yanatofautiana, lakini mengi yana neno Spy au Keylogger. Tena nimeliona katika orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowashwa.

Kaka: Mahali pabaya, sahihi hakuna, linajiwasha lenyewe, na kingavirusi nyingi zinakubaliana. Sasa nasema bila kusita kwamba ni la kijasusi, na yaelekea linarekodi unachoandika. Chomoa intaneti sasa hivi.

Baba Mdogo: Kwa hiyo sasa alifute?

Kaka: Baba Mdogo, akilifuta kwa mkono huenda akaacha kilicholileta. Ni heri atumie uchunguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, kingavirusi ya Windows yenyewe, ambao huiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati programu hasidi haijapata nafasi ya kujificha. Wakati huo, Shangazi, badilisha manenosiri kwa kutumia simu, wala si kompyuta hiyo. Anza na barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba manenosiri mapya ya akaunti nyingine zote, halafu benki. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili na uondoe vifaa vyote vilivyoingia.

Shangazi: Uchunguzi umekwisha, faili limewekwa karantini na jina lake limetoka katika orodha ya kujiwasha. Barua pepe na benki nimebadilisha.

Kaka: Vizuri sana. Kesho rudia uchunguzi kamili. Likijitokeza tena, tutanakili nyaraka na picha pekee, programu tusinakili hata moja, kisha nitakuja kusakinisha Windows upya.